Baba Mkwe wa Miaka Kumi na Tisa

Tresor mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa ghalani, na mimi nimepata meza. Ni saa kumi na moja na nusu jioni na nje giza limeshaingia. Tangu warudishe saa nyuma Jumapili iliyopita sijazoea. Natoka kazini naona kama mtu ameikata siku kwa mkasi. Neema yuko juu, anasema anasoma. Mume wangu yuko jikoni anasugua sufuria iliyoshika majani ya sombe. Mume wangu. Nimeliandika mara mbili kwa sababu nalipenda neno hilo. Wiki mbili sasa ninalo, na bado nikilisema peke yangu kwenye basi natabasamu hadi mtu wa kiti cha pili anahama.

Kesho asubuhi treni yako inakwenda Glasgow, ukajifunze ufundi wa treni kama ulivyotaka tangu ukiwa mdogo. Mwaka jana ulipewa nafasi kama hiyo ukaiacha, na sababu ilikuwa mimi. Na jana, begi likiwa tayari mlangoni, nilikusikia ukimwambia Selestini kwamba labda uwaandikie wakusubiri mpaka Januari, "mpaka mama na wewe mzoee." Barua hii ni ya kukuomba usiwaandikie.

Sitakuandikia habari za soksi wala za kula vizuri. Ni wewe uliyenifundisha kuwasha hita ya nyumba hii. Ni wewe uliyegundua, ukiwa na miaka minane, kwamba mapipa ya taka yana rangi na kila rangi ina siku yake, ukanichorea kalenda kwa penseli. Hakuna jambo la nyumbani ninaloweza kukufundisha ambalo hukunifundisha kwanza, na nikiisoma sentensi hiyo naona aibu, lakini ni kweli. Nataka kukuandikia yale niliyopaswa kukuambia tukiwa tumekaa. Tatizo ni kwamba kila nikikaa mbele yako unaniuliza, "Mama, kuna shida gani?" na mimi nasema hakuna.

Nimechoka, Tresor. Mwezi huu wa kumi umenichosha kuliko mwezi wowote tangu tufike Birmingham, na umenifurahisha kuliko wowote pia, na sijui mwili unatakiwa ufanye nini na vyote viwili kwa pamoja. Furaha nayo inachosha, hakuna aliyenionya. Saa kumi na mbili asubuhi nipo wodini napiga deki. Saa nane natoka, napita Coventry Road kutafuta kitambaa, unga wa muhogo, nyama. Neema ana shule mpya na kila jioni ana karatasi ya kutiwa sahihi. Kisha vitu vya Selestini vikaanza kuingia, na lile kochi lake likakwama ngazini siku mbili, tukawa tunapita chini yake tumeinama kama mbuzi. Majani yakajaa kwenye mfereji wa paa, maji yakaingia chumbani kwako. Kisha harusi. Kisha likizo ya katikati ya muhula, Neema nyumbani wiki nzima na njaa yake. Ninapoandika hapa kichwa kinaanguka. Ukiona mstari umepinda, ujue ni usingizi.

Lakini acha nikuambie kidogo habari za huyu mwanamume, kwa sababu hukuniuliza hata mara moja, na najua ulinyamaza kwa heshima. Unajua tulikutana kazini, mimi na ndoo yangu, yeye akisukuma vitanda vya wagonjwa. Usichokijua ni kwamba kwa miaka miwili alinisalimia kwa kichwa tu. Siku moja alikuwa na kitanda kitupu, akapunguza mwendo ili atembee sambamba na mimi, akauliza, "Mama, unatokaka wapi?" Nikamwambia ninatoka Baraka, Kongo. Akasema, "Baraka? Kule samaki ni wakubwa na batu ni wakali." Nikamwambia kama anajua hivyo mbona hakimbii. Akasema, "Nikimbie na kitanda?"

Tangu siku hiyo kila kitanda kitupu kilikwenda polepole. Nina miaka arobaini na tatu, mwanangu, na nilianza kupaka mafuta ya midomo saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nikisikia magurudumu kwenye korido moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Na sasa yuko jikoni kwangu. Kila asubuhi anaamka kabla yangu, anaweka viatu vyangu vya kazi juu ya hita ili niingize miguu vikiwa na moto. Baba yenu, Mungu amrehemu, nilimpenda kwa ujana, na sitajuta hata siku moja. Huyu nampenda kwa uchovu. Nimegundua kwamba mapenzi ya watu waliochoka ni matamu mno. Mtu anakuvua soksi tu, unataka kulia.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kwetu mwanamke haolewi hivihivi, hata akiwa mjane, hata akiwa Ulaya. Lazima upande wa mwanamume uje kuomba, na lazima upande wa mwanamke uwe na mtu wa kukaa kwenye kiti na kujibu. Mchungaji naye alisema hivyo hivyo, hata mtu mmoja anatosha. Papa Longini, aliyechaguliwa kumsemea Selestini, alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi akauliza, "Mama Tresor, huko kwako nani atakaa?" Sina kaka hapa wala sina baba mdogo. Nikajibu bila kufikiri hata nusu dakika, "Tresor atakaa."

Sikukuuliza. Nilikuja na koti jipya kwenye mfuko, nikakuambia jaribu kama mikono inafika. Nilikupa kama mtu anavyompa mfanyakazi sare.

Jumapili ile walikuja saba. Mimi kwa desturi nilitakiwa niwe juu, nisionekane mpaka niitwe, kwa hiyo nilikaa ngazi ya juu kabisa na Mama Hodan, yule jirani yetu Msomali aliyekulia Nairobi, aliyekuwa amekuja kunisaidia kupika. Aliinama akachungulia, akakuona umekaa kwenye kile kiti kikubwa peke yako.

"Na huyu kijana ndiye mmemfanya mzee?" akaninong'oneza.

"Sina mkubwa mwingine."

"Haya. Halafu mnasema sisi Wasomali ndio tuna mambo."

Chini Papa Longini alikuwa ameshasimama, ameshika kofia kifuani. "Siye ni batu ba safari," akaanza. "Tulipanda bisi pale hospitali. Dereva anatuambia, bisi inaishia kwenye mlango huu. Sasa tunauliza kama humu ndani kuna kiti."

Nikakusikia ukijibu, taratibu kabisa, "Jumapili basi hilo halipiti huku, papa. Labda mmeshuka kituo cha watu wengine."

Nyumba nzima ikacheka. Selestini alicheka hadi akapiga goti. Ulikuwa mzuri sana, Tresor. Ulijua kuwasumbua, kuwauliza kama wamelipa nauli, kumwambia yule mzee mwenye miwani kwamba bibi anayemtafuta ameenda kazini na atarudi mwakani. Mimi pale ngazini nilivimba kwa kiburi. Nikamgusa Mama Hodan, "Umemsikia mwanangu?" Akasema, "Nimemsikia." Hakucheka.

Ndipo Papa Longini akafika pale panapotakiwa kufikwa. "Baba mkwe," akasema, na alikuita hivyo kwa heshima zote, "miguu inatuuma. Unatupa huyu mama ama hutupi?"

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha ukasema, "Hapana."

Wakacheka tena, kwa kuwa hapana ya kwanza ni ya desturi.

"Hapana, papa, sasa sichezi. Mimi si baba mkwe. Mimi ni mtoto wake. Mtoto hawezi kumtoa mama yake. Tafuteni mtu mwingine." Halafu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo kama unajisemea mwenyewe, ukasema umechoka.

Nikasikia mlango. Hukuubamiza. Uliufunga polepole, kama unavyoufunga mchana nikiwa nimelala baada ya zamu, na hilo ndilo lililonishusha ngazi.

"Mama, bibi arusi hashuki kabla ya kuitwa," Papa Longini akasema.

"Nimeshashuka, papa."

Selestini alikuwa amesimama. Aliniangalia tu kama anauliza aje au abaki. Nikatikisa kichwa. Mama Hodan akanirushia koti kutoka juu, nikatoka na kilemba cha sherehe na ndala miguuni.

Nilikukuta kituo cha basi, umekaa na lile koti jipya, mvua ya manyunyu inapiga kioo. Nilikaa kando yako. Jambo la kwanza nililolisema lilikuwa baya, na nalikumbuka vizuri.

"Umeniaibisha mbele ya wazee."

"Najua."

"Humtaki Selestini?"

"Nampenda Papa Selestini. Angeniuliza nje, mimi na yeye, ningemwambia mchukue hata leo."

"Basi nini?"

Basi likasimama, likafungua mlango, dereva akatuangalia, likaondoka. Ukalitazama mpaka likakata kona.

"Unamkumbuka yule daktari?" ukaniuliza. "Nilipokuwa na miaka tisa."

Nilitaka kusema madaktari ni wengi. Lakini nilijua ni yupi, na wewe uliona kwamba ninajua.

Acha niliandike lote, kwa sababu sijawahi kulisema kwa mtu. Neema alikuwa bado ananyonya. Baba yenu alikuwa amekufa kwenye kambi ya wakimbizi miezi miwili kabla ya ndege yetu, na mimi nilikuja huku na tumbo na wewe, na sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia. Siku ile pale kwa daktari walitaka kuniwekea mkalimani kwenye simu. Sauti ikasema, "Karibu mama," na mimi nikaijua. Alikuwa mama mmoja wa kwetu, anaishi mji wa Coventry, niliwahi kumsikia akiimba kwenye kongamano. Nikaogopa. Nikajiambia, huyu akisikia yaliyo moyoni mwangu, Jumapili yatakuwa kanisani yamevaa viatu. Nikakataa mkalimani. Nikasema mtoto wangu atasema.

Sisi Wakongomani wachache wa mji huu tunaogopana hivyo. Tulitoka mbali pamoja, tunaleteana chakula, tunazikana, lakini siri zetu tunaona ni salama zaidi kwenye mdomo wa mtoto wa miaka tisa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kile kiti, miguu haifiki chini, na mimi nikakuambia kwa Kiswahili umwambie daktari kwamba kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka.

"Mimi nikamwambia kichwa kinakuuma," ukasema pale kituoni.

"Najua."

Ukageuka. "Unajua?"

"Neno la kichwa nilikuwa nimeshajifunza."

Sitausahau uso wako. Miaka kumi ulidhani uongo ule ni wako peke yako. Nilipewa dawa za maumivu, nikakushika mkono, tukapitia dukani nikakununulia juisi. Nilijua umebadilisha maneno yangu na sikumrudia daktari hata kwa ishara, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu yasemwe hivyo. Ulinificha, mwanangu, na mimi mtu mzima nikakaa nyuma yako.

"Nilidhani nikimwambia watakuchukua," ukasema. "Halafu watanichukua mimi, na Neema peke yake. Kwa hiyo nikawa nakuangalia mimi mwenyewe. Nikitoka shule nakimbia. Kila siku nakimbia, mama. Wenzangu walidhani napenda kukimbia." Ukafuta uso kwa mkono wa lile koti. "Na sasa unataka nikuozeshe. Nitakuwa mtoto lini? Nina kumi na tisa. Muda umebaki kidogo."

Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea, na yote yalikuwa ya kweli. Nilikuwa mjane. Nilikuwa sijui lugha. Kifaransa changu cha sekondari hakikumsaidia mtu yeyote mtaa huu wa Bordesley Green. Lakini nilipoyapanga kichwani niliona kwamba yanaeleza mwaka wa kwanza, labda wa pili. Hayaelezi mwaka wa tano. Hayaelezi kwa nini uliketi wewe kwenye mikutano ya walimu wa Neema na ndevu zako za kwanza, ukiandika wanayoyasema. Kusema kweli nilikuwa nikishika mkono ulio karibu, na wako ulikuwa karibu kila mara. Sikuwa mama mbaya. Nilizoea tu, na nikaacha kuona.

Sikuomba msamaha pale kituoni. Nilisema, "Twende, utapata mafua." Naomba sasa. Nisamehe, Tresor.

Tuliporudi wazee walikuwa bado wamekaa. Chakula kilikuwa hakijatoka, nani angeondoka? Nikasimama mbele yao nikiwa na ndala zilizolowa nikasema mtoto wangu amesema kweli na kosa ni langu.

"Basi nani anakutoa, mama?" Papa Longini akauliza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa. "Mimi siwezi kuomba ukuta."

"Nitampigia kaka yangu."

Mjomba wako Wilondja yuko kambini Tanzania mpaka leo. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtandao wa kule ni mbaya, kwamba ana taabu zake, kwamba nitamwambia baadaye mambo yakishakamilika. Alipokea kabla ya mlio wa tatu.

"Dada, kuna msiba?"

"Hapana. Kuna harusi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Na nani amekaa kwenye kiti?"

"Nilimweka Tresor."

Alicheka hadi akakohoa. "Mtoto anaozesha mama? Huko Ulaya mnakula nini? Niweke kwenye spika, nimwone huyo mwizi."

Tukaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukaliweka kopo juu ya kile kiti kikubwa. Wilondja alimsumbua Papa Longini nusu saa nzima, akitaka kujua ni basi gani hilo lisilo na namba, na kama huyo Selestini anajua kwamba dada yake alipokuwa msichana alimpiga mvulana kwa mwiko. Selestini akasema ameshaonywa habari za watu wa Baraka. Na wewe ulikuwa umekaa chini sakafuni, umeegemea miguu ya Neema, mnakula karanga kutoka bakuli moja. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuona umekaa chini wakati kuna wageni.

Siku ya harusi nilikuangalia kuliko nilivyomwangalia bwana arusi, na yeye anajua, nimemwambia. Ulimwaga mchuzi kwenye shati. Ulicheza na wale vijana wa kwaya mpaka ukatoka jasho, ukalala kwenye viti viwili na mdomo wazi. Wamama walipoanza kukusanya viti mmoja akaniuliza, "Tresor hasaidii leo?" Nikamwambia, "Tresor yuko kwenye harusi ya mama yake." Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba miguu sikuihisi, viatu vya kuazima vilikuwa vimenikata visigino, na mume wangu alikuwa amenishika kiuno mbele ya kanisa zima bila haya, na nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Jumatatu yake, umekaa na chai, simu yako ikalia. Ilikuwa kampuni ya gesi. Ukatoka nje kuongea nao, ukarudi, ukasema, "Nimeshamaliza, mama." Siku iliyofuata shule ya Neema. Alhamisi watu wa ofisi ya nyumba, kuhusu ule mfereji. Ndipo nikaelewa kwamba nikikuambia uende mara mia haitasaidia, kwa kuwa kila karatasi yangu katika mji huu imeandikwa namba yako. Ungekuwa juu ya ngazi kule Glasgow na spana mkononi, na mtu anakuuliza mama yako atakuwa nyumbani Jumatano saa ngapi.

Kwa hiyo wiki hizi mbili, wakati wenzangu wanakunywa chai, mimi nilikuwa nakaa kwenye kile chumba cha ndoo na kupiga simu. Selestini alinikuta huko siku ya kwanza, jasho linanitoka.

"Sheri wangu, niachie mimi niseme nao," akasema. Kiingereza chake ni kizuri, unajua.

Nikamwambia hapana. Nampenda hadi nashindwa kula, lakini sikutaka nishuke mgongoni kwako nipande mgongoni kwake. Akaelewa. Akageuza ndoo akaikalia, akawa ananishikia karatasi. Pale niliposhindwa neno aliniangalia tu na kungoja, na kungoja kwake kulinifanya nimpende upya.

Kila ofisi ilinisomea namba waliyo nayo ili nithibitishe, na kila mara ilikuwa yako. Nikawa nasema, kwa Kiingereza changu chenye mawe ndani, kwamba hiyo ni ya mtoto wangu, iondoeni, andikeni hii. Watu wa gesi walinirudisha mwanzo mara tatu. Mmoja aliniuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kuongea. Nikamwambia yupo, lakini unaongea na mwenye nyumba.

Kwa daktari nilikwenda mwenyewe, wiki iliyopita. Niliomba mkalimani. Sauti ikasema, "Karibu mama," na ilikuwa ni yule yule wa Coventry, imezeeka kidogo kama yangu. Nilisogeza kiti karibu na simu. Kisha nikasema yale yote uliyoyaacha, kuanzia mwaka ule, na zile asubuhi, na jinsi bado zinakuja mara mojamoja hata sasa nikiwa na raha hivi, na jinsi ninavyoona aibu zikija. Aliyafasiri yote moja moja bila kupunguza. Daktari akanipa miadi na mtu wa kuongea naye. Mkalimani mwishoni alisema tu, "Pole, mama. Umefanya vizuri." Jumapili kanisani nilisubiri nione nani ataniangalia kwa jicho lingine. Mama mmoja alikuja mbio kuelekea kwangu, moyo ukanipasuka, akaniuliza kama bado nina ile sahani yake kubwa ya harusi.

Ndiyo hayo. Nilitaka ujue kwamba ile kazi uliyoianza ukiwa na miaka tisa imepata mwenyewe. Hukuifanya vibaya. Haikuwa yako.

Shule ya Neema niliipigia kabla haijafunga likizo. Neema mwenyewe alikuwa kando yangu, akanisahihisha kwa Kiingereza mara mbili, nikamwambia aende akale. Huyo simgeuzi mkalimani. Nimeshajua inavyoanza.

Mwaka jana nilikusindikiza mpaka stesheni. Unakumbuka. Nilikuambia silii, na nililia, na ulipoingia ndani ya treni ulinitazama kupitia dirisha kwa ile namna yako ya kuhesabu kama nitafika nyumbani salama. Ukashuka. Tulirudi na basi, na wiki iliyofuata ukaanza kazi ghalani, na mimi nikawaambia watu kwamba umeamua kupumzika mwaka mmoja. Nilifurahi, Tresor. Hilo nalo uliandike kwenye makosa yangu. Nililala vizuri usiku ule.

Kesho sitakuja stesheni. Utakapoamka nitakuwa nimeshaondoka. Nina zamu, na niliiomba mwenyewe. Selestini naye yuko kazini. Neema atakuwa kwa Mama Hodan, kila kitu kimepangwa, huna haja ya kupita kuangalia. Funga mlango kwa nguvu kidogo kwa sababu unyevu umevimbisha mbao. Ukifika usinipigie kunipa ripoti. Na nikikupigia mimi ukiwa na wenzako mnacheka, iache ilie. Nitajua unacheka. Siku ukikumbuka nyumbani, piga, hata kama huna la kusema, hata kama ni kulalamika tu kwamba baridi ya huko haina adabu. Nitakusikiliza na sitakuuliza kuhusu bili yoyote.

Nasikia Selestini anazima taa za jikoni. Ananiita nikaweke miguu kwenye maji ya moto, na leo nitakubali, maana nimechoka hadi kwenye vidole vinavyoshika kalamu hii. Barua nitaiweka juu ya begi lako.

Nenda, mtoto wangu. Wakubwa tupo nyumbani.

Mama yako